Bwawa Chini ya Nyasi

Bwawa lilikuwa la Vestina. Yeye ndiye aliyewasumbua vijana wa Mishamo wakalichimba, na yeye ndiye aliyetia samadi hadi maji yakawa ya kijani, akasema sasa perege wake wana chakula na hewa. Alipokwenda kulazwa Mpanda, alimwachia mumewe Yohani neno moja tu: awakute hai.

Yohani alikuwa mkulima wa tumbaku, na wakulima wa tumbaku wana kiburi cha macho: wakiona kijani, wameona uzima. Mdiria, wale ndege wavuvi, walipoanza kudonoa samaki, alifanya kile afanyacho kwenye kitalu: akatandaza fito, akaezeka nyasi juu ya bwawa zima. Kitalu kikifunikwa kupita kiasi miche hugeuka njano, hilo alilijua tangu utoto. Basi kesho yake akainua nyasi pembeni, akaona maji ya kijani kibichi, akaridhika kwamba mwanga unatosha. Perege walikuwa juu juu, midomo wazi. Akajiambia wana njaa, maskini, akawamwagia pumba na kwenda zake shamba.

Asubuhi iliyofuata wote walikuwa wanaelea, matumbo juu. Maji yalikuwa bado ya kijani.

Siku hiyohiyo binti yao Agape, mwalimu wa baiolojia mjini, alimleta mama yake kwa gari la kukodi. Alipoliona bwawa alielewa, akamweleza baba yake taratibu. Mche wa tumbaku ukiwa gizani huandaa malighafi ya ukijani wake hatua kwa hatua, kisha hukwama kwenye hatua karibu na mwisho mpaka upate mwanga. Mwani, vile vijimea vidogo vinavyoyapa maji rangi, una njia nyingine ya kuivuka hatua hiyo gizani, ndiyo maana hubaki kijani. Lakini bila jua hautoi hewa, nao huivuta ileile iliyobaki. Yohani alisikiliza ameinama, akakiri kwamba jana aliwaona juu juu, midomo wazi. Heri angetukanwa.

Vestina alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitenge kimemzidi mwili.

"Uliwaona wanatweta, Baba Agape. Mbona hukunipigia simu?"

"Niliogopa ungeacha dawa urudi."

Vestina hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Yohani.

"Dawa wamesimamisha," alisema. "Wameniambia nije nikae na nyie, nile ninachotamani. Njia nzima nilikuwa nawaza mchuzi wa perege wangu."