Kopo la Mbegu

Msimu uliopita, mbegu chotara za dukani zilimzalia mjane nyanya hadi matawi yakainama. Akachagua zilizonona, akakamua mbegu, akazianika juu ya gazeti kama mama yake alivyomfundisha. Msimu huu shamba zima limetoa vinyanya kama gololi.

"Mama, mbegu chotara hazirudiwi," bwana shamba alimwambia. "Kila msimu unanunua mpya."

"Ungesema mapema, mwanangu, ungekatika ulimi?"

Akaingia jikoni kwa hasira kutafuta zile mbegu za zamani alizoachiwa na mama yake. Kopo lilikuwa pale pale juu ya kabati. Akalifungua. Lilijaa mbolea. Mbegu aliwamwagia kuku kwa mkono wake mwenyewe, siku ile alipokosa cha kupimia mbolea ya zile chotara.