Mfiwa Anapita Sasa Hivi

Siku aliyokufa Iliasi, watu wa Kasongo walikuja mbio kumpa pole Iliasi.

Ilikuwa Jumanne, baada ya sala ya alasiri. Iliasi alikuwa dukani kwake akimpimia mteja kitenge. Akamwambia asubiri kidogo, akaketi juu ya gunia la chumvi, na hakuinuka tena. Majirani wa duka walimleta nyumbani, na kipaza sauti cha msikiti kikatangaza kwamba kuna msiba kwa Iliasi. Hakikutaja jina la marehemu, wala hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Mgonjwa wa nyumba ile alijulikana na mji mzima. Ni Amisa, mkewe, aliyepasuliwa moyo miaka miwili nyuma huko Kinshasa na kuwekewa kilango cha chuma kilicholia tik, tik, tik kama saa ya mezani. Iliasi hakuwahi kuumwa hata jino.

Wa kwanza kufika alikuwa Rachelle, mwalimu wa shule ya misheni, ambaye nyumba yake ilipakana na yao. Alikuja mikono kichwani, akilia njia nzima: Mama Amisa, umetuacha, Mama Amisa, nani atanipa chumvi. Aliyemfungulia mlango ni Amisa.

Rachelle akashusha mikono. Akamtazama toka kichwani mpaka miguuni, kisha akamgusa bega kwa kidole.

"Weye iko muzima?"

"Niko muzima."

"Basi huu musiba ni wa nani?"

"Ni Iliasi," Amisa alisema. Yeye mwenyewe alikuwa amelijua jambo hilo kwa muda usiozidi robo saa.

Rachelle hakujua kilio alichokuja nacho akipeleke wapi. Akasema, "Ningoje, mama," akarudi hadi kwenye lango, akageuka, akaanza kulia upya kutoka pale, safari hii kwa jina lililo sawa.

Hata sanda ilikuwa ya Amisa. Iliasi aliinunua kabla ya ule upasuaji, akaificha chini ya sanduku la nguo, na Amisa akajifanya hajaiona. Mwanamke huzikwa kwa vipande vitano, mwanamume vitatu. Asubuhi iliyofuata Iliasi akazikwa kwa vitatu vya mkewe, na viwili vikarudishwa sandukuni.

Kisha ikaanza eda, miezi minne na siku kumi. Msimamizi wake alikuwa Bibi Hawa, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mrefu mwenye magoti mabovu na sauti isiyohitaji kipaza. Alitandika mkeka chumbani, akamkalisha Amisa katikati, akasema mfiwa mahali pake ni hapo, watu wakija wamkute.

Watu wakaja. Wakakaa, wakainamisha vichwa, na katika ule ukimya kikasikika kitu: tik, tik, tik.

"Toeni ile saa," Bibi Hawa aliagiza. "Haina heshima."

Saa ya ukutani ikatolewa. Ilikuwa imesimama toka mwaka ule paa lilipovuja. Wanawake wakarudi kukaa. Tik, tik, tik. Bibi Hawa akatazama mikono yao kutafuta aliyevaa saa, mmoja baada ya mwingine, mpaka macho yake yakamfikia Amisa.

"Ni miye, wifi," Amisa alisema. "Siwezi kuitoa."

Siku ya tano miguu yake ilivimba. Aliibonyeza kwa kidole na shimo likabaki. Alijua maana yake. Daktari aliyempasua alimwambia mambo mawili tu: dawa ya kulainisha damu kila siku saa ileile, na kutembea nusu saa kila siku, mvua inyeshe, jua liwake. Ukikaa, mama, moyo nao utakaa. Kwa hiyo miaka miwili, kila alasiri, Amisa na Iliasi walitoka kwenda hadi kwenye tanuri za matofali na kurudi. Iliasi alitembea nyuma yake nusu hatua, si zaidi, upande wa kushoto, kwa sababu hapo aliweza kuisikia ile tik, tik. Ilipokwenda mbio alisema, "Punguza." Ilipokwenda polepole alisema, "Mama, wale mbuzi wametupita."

"Wifi, nalazimika kutembea," Amisa alisema.

"Mujane katika eda, kutembea?" alisema Bibi Hawa. "Kwenda hospitali, sawa. Ni haja. Lakini kutembea tu njiani, mikono mitupu, hakuna mahali unaenda? Watu watasema nini?"

"Watasema nimetembea. Nisipotembea watasema nimekufa. Na hilo wamekwisha kulisema mara moja."

Akaitwa Shekhe Atumani, kijana aliyekuja na pikipiki na hakuzima injini. Alisikiliza akiwa amesimama langoni.

"Mjane asitoke nyumbani bila haja," alisema. "Lakini lupango yote ni nyumbani, toka uzio mpaka uzio. Humo ndani hata akiruka kamba, si kazi yangu."

"Na mukeka je?" Bibi Hawa aliuliza. "Mufiwa anakaa pa mukeka. Watu wametoka mbali, watamukuta wapi?"

Shekhe alikuwa na ndoa ya kufungisha upande wa soko. "Basi mukeka umufuate," alisema kwa mzaha, akaenda zake.

Bibi Hawa hakuwa mtu wa mzaha. Alasiri ileile aliita wanawake wanne, akampa kila mmoja pembe ya mkeka. Amisa akaanza kutembea, kuzunguka nyumba upande wa kushoto: jiko, choo, mparachichi, kibanda cha mbuzi, mlango, jiko tena. Mkeka ukamfuata nyuma ukiwa wazi, tayari kumpokea. Bibi Hawa alisimama mlangoni na tasbihi, akihesabu mizunguko. Alipoulizwa kama inafaa kuhesabia jambo hilo tasbihi, alisema kila mzunguko anausindikiza kwa subhanallah, kwa hiyo hesabu ni halali. Thelathini na mitatu ikatosha nusu saa.

Ila mfiwa hawezi kupewa pole kwa mbali. Wageni waliokuja alasiri walilazimika kuingia nyuma ya mkeka na kutembea. Wakazoea kugawana maneno: kuanzia jikoni hadi kwenye choo ni salamu, kutoka mparachichi ni sifa za marehemu, na penye mbuzi ni kulia, kwa sababu pale njia ilikuwa pana. Wamama wa parokia walioletwa na Rachelle walitembea kwa mpango, wawili wawili, wakiimba taratibu. Mbuzi mmoja naye akajiunga, akawa hakosi.

Wiki ya tatu alifika Faridah, binamu wa Iliasi, kutoka Kabambare. Siku tatu juu ya pikipiki, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, miguu imekakamaa. Akaingia langoni akiwa tayari na kilio.

"Iko wapi mufiwa?"

"Ngoja hapo," alisema Rachelle. "Anapita sasa hivi."

Amisa akatokea kwenye kona ya nyumba, akafuatwa na mkeka, wanawake kumi na mmoja na mbuzi, akapita, akapotea kwenye kona ya pili.

"Nimekuja kukaa musiba," Faridah alisema, "si kukimbiza musiba."

"Utakaa baada ya mzunguko wa thelathini na tatu," Bibi Hawa alimjibu. "Sasa ni wa nane. Ingia nyuma ya mbuzi."

Uvimbe ulipungua. Njia ikachimbika kuzunguka nyumba, ikang'aa. Lakini uzima wa mtu haupimwi kwa miguu peke yake, na kuna jambo Amisa hakumwambia mtu. Kati ya wote wale, hakuna aliyejua kutembea pale alipotembea Iliasi. Walikuwa mbali mno, au walimkanyaga kisigino. Alisikia wanaimba, wanahesabu, wanamsifu marehemu. Hakuna aliyesema punguza.

Wageni wakaanza kupungua, kama ilivyo kwa kila msiba. Mwezi wa tatu ilifika alasiri ya mvua ambayo hakuja mtu, na wabeba mkeka nao wakabaki kwao. Amisa alilala juu ya mkeka akaangalia ukuta.

"Inuka," alisema Bibi Hawa.

"Leo hapana, wifi. Nimechoka na hii nyumba. Nazunguka, nazunguka, namukuta mahali pote hayuko."

Bibi Hawa aliweka tasbihi chini. Kisha akaenda kwenye sanduku, akainua nguo, akatoa vile vipande viwili vya sanda, akaviweka mbele ya Amisa.

"Vimebaki viwili," alisema. "Weye unahitaji vitano. Miye sina wa kumutuma kununua vingine. Kwa hiyo huwezi kufa. Inuka."

Amisa alimtazama, na kitu kikamtoka kifuani, kikohozi au kicheko, hakujua. Akainuka. Wakatoka mvuani wawili tu. Bibi Hawa akaukunja mkeka, akautia kichwani kujikinga, akashika njia nyuma ya wifi yake, magoti yakilia. Kwa sababu ya mvua hakusikia vizuri, akasogea. Kwenye mzunguko wa kumi na nne alikuwa amefika nyuma nusu hatua, upande wa kushoto.

"Inaenda mbio, hii yako," alisema. "Punguza kidogo."

Amisa akapunguza. Alilia toka mparachichi, akapita mbuzi, hadi kwenye mlango, akaendelea.

Eda iliisha siku ya Alhamisi. Lango likafunguliwa, na Amisa akatoka barabarani. Kwa siku kumi za mwanzo kila alipofika kwenye kona ya nyumba ya mtu mwili wake ulipinda kushoto, na Bibi Hawa akamrudisha kwa kumshika kiwiko.

Sasa kila alasiri wanakwenda hadi kwenye tanuri za matofali na kurudi. Amisa mbele, Bibi Hawa nyuma nusu hatua. Mkeka wanauacha nyumbani.