Mlio Ulioshuka Nilipotoka

Mimi ni nesi, na kwa kupima presha sijivuni bure: mkono wangu mwepesi. Ndiyo maana mama mkwe wangu, Akelo, alipokuja Mwanza kutoka Rorya kutolewa mtoto wa jicho, nilisema hakuna mwingine atakayemgusa. Nikampima mwenyewe. Presha ikawa juu, upasuaji ukaahirishwa. Mara ya pili nikampima tena, kwa upendo uleule. Ikawa juu zaidi. Daktari akasema tumrudishe Alhamisi ya wiki inayofuata. Ikishindikana, basi mpaka mwakani. Na jicho lake la pili lilishaanza kuingia ukungu. Niliogopa, nasema kweli.

Nikaazima kazini kifaa kidogo cha kujifunzia kutulia. Kinafungwa vidoleni. Mwili ukikaza, kinalia kwa sauti nyembamba ya juu. Ukilegea, sauti inashuka mpaka inanyamaza. Mtu anausikia mwili wake mwenyewe, anajifunza kuutuliza akiwa nyumbani.

Mama alikuwa amekataa katakata kulala kwa mkwe, akafikia kwa jirani yetu Selina, hapahapa Igombe. Kila jioni nikawa naenda na mke wangu, Rozina. Namfunga mama vidole, nakaa mbele yake.

"Vuta pumzi, mama. Taratibu. Legeza mabega."

Kifaa kinalia kama mtoto aliyenyimwa chai. Mama anaangalia sakafu. Siku tatu nzima! Nikaanza kukasirika, na hasira zangu ziko karibu. Nikamwambia Rozina mama yake hafuati maelekezo.

Siku ya nne simu ya kazini ikaita, nikatoka uani, penye dagaa wa Selina walioanikwa. Nikiwa kule nikasikia mlio unashuka, unashuka, kimya. Nikarudi mbio kwa furaha. Nilipokanyaga kizingiti tu, kikapiga yowe. Nikatoka, kikanyamaza. Nikaingia, kikalia.

"Ngosha!" Selina alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe ugonjwa wenyewe ni wewe!"

"Rozina," mama akasema, macho bado sakafuni, "mwambie mwenzako anisamehe. Kwetu mkwe hashiki mkono wa mama wa mkewe. Hata kukaa naye karibu hivi ni aibu. Lakini ananihudumia kwa moyo. Ningemkatazaje?"

Desturi hiyo naijua. Hata sisi Wasukuma mkwe tunamheshimu. Ila nilidhani sare ya unesi inaifuta. Nilisikia uchungu, kisha nikajicheka. Kuanzia siku ile Rozina ndiye aliyemfunga kifaa, mimi nikaelekeza nikiwa nje, nyuma ya ukuta. Kufika Jumatano mama alikuwa anakinyamazisha kwa pumzi sita.

Alhamisi nikamwomba mwenzangu Modesta ampime. Mimi nikakaa koridoni, mikono katikati ya magoti. Modesta akachungulia mlangoni, anatabasamu. Presha ilikuwa nzuri, na mama akaingizwa chumba cha upasuaji.

Kesho yake, bandeji ikiwa imetolewa, nilikwenda kwa Selina nikaishia getini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Nikageuza uso pembeni, nikaanza kurudi nyuma kama inavyopasa.

"Usiondoke," akasema. "Miaka sita umemwoa mwanangu, sijawahi kukutazama. Simama hapohapo nikuone."

Nikasimama.