Kifua cha Kulia

Medali ziligongana mezani, ti, ti, ti, kabla ya alfajiri, nikizipanga moja moja kwenye pini. Nyingi zilikuwa za marehemu mume wangu, Clarrie, aliyepigana New Guinea. Moja ilikuwa ya mjukuu wetu Glenn, utepe wake wa buluu bado mpya.

Glenn alipelekwa Namibia na jeshi letu kutegua mabomu ya ardhini, ili watoto wa watu waende shule na warudi na miguu yao. Aliporejea, mtu akamchongea kwamba anapenda wanaume. Wakati ule sheria ya Australia ilikuwa wazi: shoga hana nafasi jeshini. Polisi wa jeshi walimfungia chumbani kutwa nzima wakimwuliza mambo ya kitandani, na nani, na vipi, mmoja akiandika, mwingine akicheka. Hakumtaja mwenzake hata mmoja; wakamfukuza jeshini, na habari ikaenea mji mzima. Aliponisimulia maswali mawili tu kati ya yale, nilitoka nje nikatapika kwenye maua yangu.

Alinikabidhi medali yake. "Tupa, Bibi." Akahamia Townsville kuoka mikate, akanikataza kumtembelea. "Watakusema klabuni. Wale ndio watu wako."

Walikuwa watu wangu kweli. Clarrie alipougua, askari wastaafu wa klabu walinikatia nyasi msimu mzima, na Merv, mwenyekiti wao, alikuja kila asubuhi kumnyoa ndevu. Wema ule siusahau. Ndiyo maana yaliyofuata yalinikaa kooni kama maziwa yaliyochacha.

Mwanzoni mwa mwaka 1992, serikali ilipoanza kuzungumzia kuifuta sheria ile, klabu ilikutana ili imwandikie waziri kupinga. Sisi wanawake tulimimina chai.

"Mashoga vitani!" alisema Merv. "Adui yuko mbele, na nyuma nako ujilinde?"

"Watadai mahandaki yatiwe mapazia!" mwingine akadakia. Meza zikagongwa kwa vicheko.

Ilipotimu saa kumi na mbili jioni, taa zikafifishwa kama ilivyo desturi, tukasimama kimya kuwakumbuka waliokufa vitani. Taa zikawaka. Merv akaketi. "Tulikuwa wapi? Ah, mapazia." Kicheko kikaanza upya.

Basi ilipofika siku ya kuwakumbuka askari, mwezi Aprili, niliamua medali ya Glenn nayo itoke nje. Niliipanga safu moja na za babu yake, kifuani kwangu upande wa kulia. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Ibada ya alfajiri ilipokwisha, Merv alinijia penye mnara wa kumbukumbu na kahawa yenye ramu. Alinitazama kifuani, uso ukamlegea. Akaweka kikombe chini, akanishika mikono yote miwili.

"Shemeji, mbona hukutuambia? Lini?"

"Lini nini?"

"Glenn." Alikuwa akilia, machozi ya kweli. "Kijana jasiri yule. Jina lake tutalichonga ukutani."

Hapo nikaelewa. Kwetu askari huvaa medali zake kushoto. Kifua cha kulia ni cha medali za jamaa aliyekufa.

"Glenn mzima, Merv. Anaoka mikate Townsville."

Aliniachia kama aliyeshika konokono. Akajifuta viganja kwenye suruali, taratibu, bila hata kujua anafanya hivyo.

"Basi itoe hiyo. Unawaaibisha marehemu."

Kinyaa kilinipanda mpaka ulimini. Maiti ya mjukuu wangu angeibeba begani. Akiwa mzima, hata jina lake linamchafua mikono.

Sikuitoa. Noelene, mke wa Merv, akajitenga na wenzake akanijia. Alinishika kiwiko akanisindikiza hadi kwenye gari, mbele ya macho yao wote.

Sikurudi nyumbani. Nilishika barabara kuu, miwa huku na huku, hadi Townsville. Glenn alifungua mlango na unga bado nyusini.

"Bibi! Nani kafa?"

"Wewe," nikamwambia, nikamsimulia.

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akauliza polepole, "Merv alilia kweli?"

"Alilia."

Akainuka. Akanikatia mkate, akaupaka siagi mpaka pembeni kabisa, nipendavyo.

Jua lilipoinama alinifungulia mlango wa gari. Nikaingia. Alisimama ameushika, haufungi.

"Njia ni ndefu, Bibi."

"Si ndefu."

Akatazama viatu vyake. "Basi uje tena. Jumatano sina zamu."