Mlango wa Chumba cha Juu

Nyumba ile ya ghorofa pale Kisugu, Kampala, ilijengwa na mfanyabiashara wa Kihindi, enzi za babu zetu, kwa matofali ya kuchoma na chokaa. Maofisa fulani waliwahi kuja wakapigilia ukutani kibao cha kusema ni nyumba ya urithi, wakapiga picha, wakaenda zao. Oduor, Mkenya mwenye baa ya chini, akakifunika kibao hicho kwa bango la mechi. Misumari aliyotumia ilikuwa mirefu kama vidole.

Oduor si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Alitaka tu mahali pa kuweka friji, akatoa matofali machache kwenye ukuta wa kati. Kisha akataka pa kuingiza televisheni kubwa, akatoa mengine. Jirani yake Hippolyte, mwenye saluni, alimwaga maji ya kuoshea nywele chini ya ukuta huohuo, kwa kuwa mtaroni kuna matope na yeye huvaa viatu vyeupe.

Juu yao aliishi Blandine, mshonaji kutoka Bukavu, pamoja na mama yake, Monique, ambaye kiharusi kilimnyang'anya miguu. Msimu wa mvua ulipoanza, mlango wa chumba chao ukaanza kukwama. Fundi Okwir akaupiga randa, ukafunguka. Baada ya muda ukakwama tena, na Okwir akaupiga randa tena, akifurahi kupata mteja wa kudumu. Mara ya tatu, juu ya mlango palikuwa na mwanya wa kupitisha mkono, na chini bado ulikwaruza sakafu. Hapo Blandine akaingiwa na hofu. Mlango hauoti kama mhogo, alijiambia. Kinachosogea ni kitu kingine.

Akashuka kumweleza Oduor. Oduor akampa soda, akamwomba asijitie presha bure.

"Dada yangu, hii nyumba imeona vita zote za Kampala. Itashindwa na friji?"

Wateja wakacheka. Blandine aliiacha soda mezani, akaenda kutafuta chumba Namuwongo. Akapata cha chini, kisicho na ngazi. Wangehama Jumatatu.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Jioni Blandine alirudi na mfuko wa makaa, akakuta baa imejaa watu wa mpira. Mlango wa juu ukagoma kabisa. Akausukuma kwa bega, chokaa ikamwagikia kichwani. Akaita watu wa chini waje kumsaidia, lakini kwa makelele yale nani angemsikia? Akarudi nyuma ili aje kwa nguvu.

"Blandine," mama yake akasema kutoka ndani, polepole, kwa sauti ya kubembeleza mtoto. "Usisukume tena. Kila ukisukuma, ukuta inakuja kwangu."

Blandine akasimama palepale, mikono hewani, asithubutu hata kuegemea. Chini yake goli likaingia, na baa nzima ikaruka.