Kona ya Pieve Sant'Orsola

...na nikiinuka sasa nitawakanyaga watu wanne miguu kabla sijaufikia mlango, na huu mguu wangu wa kushoto haukunjiki vizuri, watasema mama huyu amelewa mchana kweupe, basi kaa, Ersilia, kaa, ni filamu tu, mwanga juu ya kitambaa... Ajali Mashuhuri za Mbio za Magari, ndivyo tangazo lilivyosema kule nje, herufi nyekundu kubwa, na Gualtiero mdogo wangu akaniambia dada, twende, na wewe umo, kana kwamba kuwamo ni sifa, na nusu ya Modena imejazana humu ndani, wanatafuna mbegu za maboga na kupiga ukelele kila gari linapobiringika, halafu wanacheka, kile kicheko cha mtu ambaye si yeye aliyeumia, na magari yote nayajua, lile lililogonga marobota ya nyasi likawaka moto, dereva wake Mfaransa mpole, aliwahi kuniazima miwani yake siku ya mvua, na hili linalofuata si la kweli, ni la mchezo wa sinema, wamesukuma gari lenye sanamu ya mbao korongoni na kuchoma matairi ili moshi uwe mweusi, aliyewahi kuanguka haumdanganyi, ajali ya kweli haina moshi mzuri namna hiyo, wala muziki, ina kelele ya bati na harufu ya petroli, basi... "Sasa anakuja yule mwanamke," mwanamume wa nyuma yangu anamwambia mkewe, "subiri uone, yule aliyeshikwa na woga," na mkewe anajibu, "Maskini, kwani nani alimpa gari?"... nani alinipa, mama, alinipa huyu aliyekaa kulia kwangu, Gualtiero, alilijenga kwa mikono yake kwenye banda la baba nyuma ya zizi la nguruwe, maana hakuna kampuni iliyotaka kumsikia mwanamke, na breki alizifunga yeye mwenyewe asubuhi ile, akanibusu kofia akasema nenda ukawaonyeshe, nami nikawaonyesha, nilikuwa wa tatu, wa tatu katika mbio nzima!, milima miwili nimeshaivuka, wanaume walionipungia mikono kwa dhihaka kule mwanzoni nimewaacha wanakula vumbi, halafu kona ya Pieve Sant'Orsola, halafu hakuna kitu, kichwa kimefuta kila kitu, nazinduka hospitalini mguu unaning'inia kwenye kamba na gazeti limeshaandika, mwanamke aliiona kona, akaingiwa na hofu, akaachia kila kitu, na picha ile moja, gari limelala ukutani gurudumu juu, ikachapishwa kila mahali mpaka nami nikaamini... karibu miaka ishirini sijashika usukani, napanda kiti cha nyuma kama bibi anayepelekwa kanisani, na Gualtiero hajaniuliza, nami sijamuuliza, kwa sababu kama si mimi basi ni breki, na kama si breki basi ni mimi, kila Jumapili tunakula tortellini na swali hilo limekaa nasi mezani, nisogezee jibini, dada, haya chukua, mdogo wangu, na tunakula... "Picha hizi hazijapata kuonyeshwa," inasema sauti ya filamu, "zilipigwa na padri wa kijiji, juu ya mnara wa kengele," na Gualtiero ameacha kutafuna, juu ya mnara?, hakuna aliyewahi kuniambia kulikuwa na padri mnarani... lile linakuja, gari langu, dogo mno, na kutoka kule juu inaonekana kona nzima, hata upande wa pili ambao wapiga picha wa barabarani hawakuuona, na upande wa pili, Mungu wangu, watu, wameteremka kutoka kwenye tuta wamesimama barabarani, wengine wamelipa gari mgongo, na sasa filamu inairudia ajali polepole, naona breki zimeshika, naziona!, magurudumu yote yamesimama, yanaburuzwa, mistari myeusi imenyooka kwenye lami, imenyooka moja kwa moja kuelekea watu, na gari lenye magurudumu yaliyosimama halikati kona, kila dereva anajua, halafu mistari inakatika... inakatika!, magurudumu yanazunguka tena, na mikono yangu, ile mikono miwili ndani ya glavu nyeupe, inavuka mmoja juu ya mwingine, inavuta kushoto, kushoto, ukutani... "Uliachia breki," Gualtiero ananong'ona, "dada, uliachia makusudi ili uweze kukata," nami namwambia, "Zilishika, Gualtiero, umeona? Breki zako zilishika," naye ameubana mkono wangu kama koleo, na nyuma yetu mwanamume anasema, "Ala! Amewakwepa," na mkewe, "Si ulisema mwoga?" "Mimi? Gazeti ndilo lililosema." "Nyamaza wewe na gazeti lako"... na wanairudia tena, na sasa siutazami ukuta, siutazami mguu wangu, nawatazama wao, mzee mwenye kofia ya majani, wasichana wawili wameshikana viuno, na mama mmoja mbele kabisa, aproni nyeupe, tumbo mbele, mimba ya miezi mingi, hata hajageuka, gari linapita nyuma yake vumbi linamfunika naye anajipangusa mabega, anajipangusa tu!, hakujua, wala mimi sikujua, lakini mwanamke yule mwenye glavu pale usukani alijua, aliona yote kwa kufumba na kufumbua akachagua, wala hakuogopa, au aliogopa na akachagua hivyo hivyo... na kitambaani sasa ni gari la mtu mwingine, ukelele, kicheko, mbegu zinatafunwa, nami nimekaa palepale, mguu umekufa ganzi, natabasamu gizani kama chizi, kwa sababu mtoto yule alizaliwa, lazima alizaliwa, sasa ni mtu mzima, yuko mahali fulani leo hii, ana mchumba, ana deni la viatu, anaendesha pikipiki vibaya na mama yake anampigia kelele dirishani, punguza mwendo wewe!, naye hapunguzi.