Mzee Hakuuvuka Mstari

Roboti ilileta rafu nyingine kabla Mama Pacha hajamaliza ile ya kwanza. Taa ya kijani ikamulika kisanduku: sabuni, mbili. Akazichomoa, akazisomesha lebo kwenye mashine, akazitia kwenye boksi la mteja. Sekunde saba. Skrini mbele yake ilitaka sita.

"Leo yamekula nini haya?" aliuliza Babu Kofia kutoka meza ya jirani, bila kugeuza kichwa. "Jana yalitembea, leo yanakimbia."

"Eti wameyaongezea akili. Sasa yanatofautisha mtu na boksi, hayasimami ovyo."

"Basi yasinifananishe, maana tumbo ninalo."

Mama Pacha akacheka. Babu Kofia ndiye aliyemfundisha kazi, enzi zile walipozunguka wenyewe kati ya rafu mpaka nyayo zikawaka moto. Siku hizi rafu ndizo zinazotembea, kila moja imebebwa na roboti bapa kama sinia, na binadamu anasimama nyuma ya mstari wa manjano, achukue tu.

Saa nne kasoro, katoni ya chupa ilimponyoka mzee ikaanguka miguuni pake. Akainama kuiokota. Mama Pacha aliiona rafu ikija, akaona haipunguzi mwendo, akaona magurudumu yanaukanyaga mstari.

"Babu, toka!"

Akakipiga ngumi kitufe chekundu. Ghala zima likanyamaza. Lakini mguu wa mzee ulikwisha kubanwa kati ya rafu na meza, na mzee akatoa ukelele ambao Mama Pacha hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima.

Watu wanne waliisukuma ile rafu. Gari la wagonjwa lilipotoka getini, roboti zilikuwa zimewashwa tena, damu haijafutwa.

Msimamizi akamwita Mama Pacha ofisini.

"Kaa, dada yangu. Wewe ndiye uliyekuwa karibu. Weka sahihi hapa, urudi kupumzika."

Karatasi ilikwisha kuchapwa. Mama Pacha akaisoma polepole. *Mfanyakazi alivuka mstari wa manjano na kuingia njia ya mashine.*

"Hakuvuka, bosi. Mashine ndiyo iliyovuka."

"Mashine ina kamera nane. Wewe una macho mangapi?"

"Basi tuziangalie hizo nane."

Msimamizi akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Picha zimeshapelekwa makao makuu. Sikiliza. Mkataba wako unaisha Ijumaa, na orodha ya wanaobaki naandika mimi. Mzee atatibiwa tu. Utapungukiwa nini?"

"Kama atatibiwa tu, sahihi yangu ya nini?"

Msimamizi akamsogezea kalamu.

Mama Pacha aliwafikiria wanawe wawili, na kazi aliyoisotea mwaka mzima kabla ya kuipata. Akaikata sentensi ile, akaandika juu yake: *Alikuwa nyuma ya mstari. Roboti haikusimama.* Akatia sahihi hapo hapo, pembeni ya maneno yake.

Msimamizi aliikunja karatasi mara mbili. "Kitambulisho kiache getini," alisema. "Na hii hakuna atakayeiona."

Hospitalini alimkuta mke wa Babu Kofia kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Kando yake alikaa afisa wa kampuni mwenye tai, kibweta cha wino na karatasi mapajani. Dole gumba la bibi lilikuwa tayari la buluu.

"Afadhali umekuja, mwanangu," bibi alisema. "Naambiwa niweke dole ndipo mzee apasuliwe. Na miwani nimeisahau nyumbani."

"Ni utaratibu tu, mama," afisa alidakia.

Mama Pacha aliichukua ile karatasi, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka watu wa mabenchi mengine wakageuka: "Mume wangu alivuka mstari kwa uzembe wake mwenyewe, nami sitaidai kampuni chochote..."

Afisa akasimama. "Wewe ni nani kwa mgonjwa?"

"Mimi nilikuwepo."

Bibi alilitazama dole lake, kisha mlango wa upasuaji.

"Mbona daktari kaingia naye tangu saa tano?" aliuliza. "Yeye hakunidai dole."

Bibi akalipangusa dole kwenye gauni lake, akasugua mpaka nguo ikaingia doa, akapapasa nafasi aliyoiacha yule mwenye tai.

"Kaa hapa, mwanangu," alimwambia Mama Pacha. "Nieleze ilivyokuwa. Usinifiche kitu."